Nauli Ina Historia

Wako wanaosema kwamba mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yaliletwa na wafadhili na wataalamu. Sisi wananchi tuliletewa tu, tukapokea. Mimi nakataa, ndugu msomaji. Ili unielewe, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1970 Serikali iliitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA. Jiji likapanuka, mabasi yakachakaa, vipuri vikawa adimu kwa kukosa fedha za kigeni. Watu wafanyeje? Wakapanda magari ya wizi, huku wenye magari wakikimbizana na polisi. Mwaka 1983 Serikali ikasalimu amri, ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, makonda wakaita "dala, dala!" na jina likakaa. Ona basi: sheria ilikuja nyuma, miguu ya watu ilikwishatangulia.

Lakini daladala nayo ikawa na yake. Dereva na konda wana hesabu ya tajiri, lazima ifike jioni. Mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo kila denti aliyekaa ni hasara. Nimesoma sekondari nikipanda gari Barabara ya Morogoro, na najua konda akisema "wawili tu!" wakati mpo ishirini kituoni inakuwaje. Unafika shule kipindi cha pili, viboko vinakusubiri. Konda hakuwa na roho mbaya. Hesabu ndiyo ilikuwa mbaya.

Wakala wa DART ukaanzishwa mwaka 2007. Ujenzi ukaanza 2012: kilometa 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Tulikula vumbi miaka ile. Wapo waliobomolewa nyumba Gerezani. Hata hivyo watu wengi walivumilia, kwa sababu foleni ya Ubungo ilikuwa imewafundisha kuamka saa kumi alfajiri.

Kisha ikaja nauli, na hapo ndipo ukimya ulipokwisha. Mwanzoni mwa 2016 kampuni ya kuendesha mabasi ilipendekeza shilingi 1,200 kwa njia kuu, wakati daladala za kawaida zilikuwa 400. Jiji likalipuka! Vijiweni, redioni, sokoni, kila mtu akawa mhasibu: kwenda na kurudi ni 2,400, mara siku za kazi, mshahara unabaki nini? Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akayakataa mapendekezo hayo. SUMATRA ikapanga 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia za pembeni, 800 kwa zote mbili, na mwanafunzi 200. Tarehe 10 Mei 2016 mabasi yakaanza.

Hapo ndipo ninapoona uungaji mkono wenyewe. Kuunga mkono si kupiga makofi kwenye mkutano. Watu walilitaka basi, tena sana, ndiyo maana wakaligombania bei. Kitu usichokitaka unakiacha kwenye meza ya muuzaji, unapita zako.

Tusiwasahau makonda na madereva walioondolewa kwenye njia ile. Wengine walihamia njia nyingine, wengine kijiweni moja kwa moja. Historia ya mwendokasi bila wao ni nusu historia, na sisi tunaotaka kuandika riwaya za jiji hili tuwatafute, tuwasikilize kabla hawajazeeka.

Mabasi yenyewe yamekuwa na kero zake: mafuriko ya Jangwani, msongamano, kusubiri mpaka miguu iote mizizi. Nimesimama katika vituo hivyo nikasikia matusi ya kila aina. Ila sijamsikia hata mmoja akisema njia ile ing'olewe. Wanachosema ni "leteni mabasi!"