Kazi za kwanza katika afya: ni mulango gani uko wazi kwa asiye na diploma ya uuguzi?

Lubumbashi, mutaa wa Kamalondo. Kijana amemaliza masomo ya sekondari, hana uzoefu, na anataka kazi katika kituo cha afya. Inawezekana. Lakini milango si mingi, na si kila mulango una mushahara.

Kazi za sali

Vituo vinahitaji watu wa kusafisha, kufua mashuka, kubeba wagonjwa, kuchoma takataka na kulinda. Kwa mapokezi na kuandika fishi, lazima mutu asome na kuandika Kifaransa vizuri. Kazi hizi zinafundishwa palepale. Kwa mfano, maji ya klore ya 0,5% ni ya kusafishia sakafu na vitanda. Yale ya 0,05% ndiyo ya mikono. Kuyachanganya ni kosa linaloumiza.

Relais wa jamii

Kamalondo ni moja ya maeneo ya afya (zone de santé) ya Lubumbashi. Kila zone imegawanywa katika sehemu ndogo, na kila sehemu ina relais waliochaguliwa na majirani wao. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanakumbusha mama mwenye mimba siku ya kipimo, wanatafuta watoto waliokosa chanjo, na wanatoa habari haraka kukiwa na kuhara kama kolera. Ni kazi ya kujitolea. Feza kidogo hutoka siku za kampeni, kama ile ya polio. Faida yake ni kujulikana na muuguzi mukubwa wa kituo na kujifunza.

Mupaka usiovukwa

Kudunga sindano, kutundika serumu, kuzalisha: hapana. Hizo ni kazi za aliyesoma ITM (kiwango cha A2) ao ISTM (A1). Tangu 2016 kuna pia sheria iliyounda Ordre ya wauguzi. Mutu aliyejifunza sindano kwa kuangalia tu, halafu mutaa mzima unamuita "docta", anaweza kuua mugonjwa na kuishia gerezani.

Kujilinda

Hata anayefagia anaweza kuchomwa na sindano iliyotupwa vibaya. Aombe glavu nzito, viatu vilivyofungwa na chanjo ya hepatite B, ambayo ni dozi 3. Akichomwa, aoshe kwa maji na sabuni, bila kufinya, kisha aseme palepale. Dawa ya kuzuia virusi vya SIDA inaanzishwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na inamezwa siku 28.

Nani analipa?

Hapa ndipo wengi wanaumia. Hata wauguzi wenye diploma wanaofanya kazi bila kulipwa na Serikali wako wengi. Wanaitwa "nouvelles unités", na wanaishi kwa sehemu ya feza ya wagonjwa. Asiye na diploma yuko chini yao zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuvaa bluzi, aulize: Ni kazi ao ni staji? Staji ya miezi mingapi? Mushahara unatoka wapi, na tarehe gani? Kuna karatasi iliyosainiwa?

Na anayeomba feza ya "dosye" ili akupe nafasi, muachie nafasi yake. Feza hiyo ingelipa mwanzo wa masomo ya ITM, na diploma ndiyo inayofungua mulango mukubwa.