Aayo wa Stendi ya Katesh na Redio Yake

Ndugu wana-Mbulu na wana-Hanang, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Tunapoandika historia ya wilaya zetu tumezoea kutaja machifu, mapadre na wakuu wa wilaya. Mwaka huu tunaomba tumkumbuke mhudumu wa mgahawa. Tulimwita aayo, yaani mama kwa Kiiraqw, na hata Wabarbaig na Wanyaturu waliokula pale walimwita hivyo hivyo.

Enzi hizo barabara ya Minjingu, Babati hadi Singida haikuwa na lami. Mvua ikinyesha, basi lililala njiani. Wanafunzi wa bweni tulifika Katesh tumejaa vumbi au matope, na wa kwanza kutupokea alikuwa yeye, kwa chai ya maziwa na maandazi. Unga wa maandazi yale nao una historia. Tambarare za Basotu, zilizokuwa malisho ya Wabarbaig, zililimwa ngano na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, zikafikia ekari 100,000 hivi. Ngano iliondoka kwetu kwa malori. Unga tuliununua dukani, ukipatikana.

Juu ya kabati la maandazi ilikaa redio ya betri. Hatukuwa na zile mashine za Marekani za kutumbukiza sarafu ukachagua wimbo. Tulimsubiri mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, maana redio za binafsi zilikuja katikati ya miaka ya 1990. Bendi zilirekodi katika studio za RTD, na mgahawa mzima ukazijua nyimbo zao kwa moyo. Ikipigwa "Zuwena" ya Marijani Rajabu, aayo aliongeza sauti. Ikipigwa "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, alifungua daftari la madeni na kututazama mmoja mmoja. Watu walicheka, lakini hakuna mwanafunzi aliyepanda basi na njaa.

Sisi tunaoishi kwa kazi ya hesabu tunaelewa daftari lile lilikuwa nini. Ulikuwa mkopo usio na riba wala dhamana, na aliyeutoa hakuwa mwenye mgahawa bali mwajiriwa. Deni lililochelewa alilifidia kwa mshahara wake. Hakuna ripoti ya maendeleo iliyoandika fedha hizo, ingawa zimesomesha walimu, wauguzi na wahasibu.

Aayo ametutoka. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi walipoteza nyumba na biashara zao. Miongoni mwa wanaoendelea kujikongoja wapo mama lishe, warithi wa kazi ya aayo. Benki huwauliza dhamana, yeye hakutuuliza.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunapochangia mwaka huu, tunapendekeza fungu moja liwe mtaji wa mama lishe wa Katesh na Mbulu mjini: masufuria, majiko, meza na unga wa kuanzia. Kiasi chochote kinapokelewa, na kila shilingi itaandikwa daftarini.