Sadaka na uwakili: Safari ndefu ya makanisa ya Nairobi kutafuta kujitegemea

Novemba 18, 2024, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jimbo kuu la Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto siku moja awali katika kanisa la Soweto, Kayole, zingerudishwa kwa mwenyewe. Zilikuwa Sh2 milioni za ujenzi wa nyumba ya mapadre na Sh600,000 zilizokusudiwa kwaya na kikundi kingine cha parokia. Sh200,000 za Gavana Johnson Sakaja zilipata hukumu hiyo hiyo, nayo ahadi ya Sh3 milioni zaidi pamoja na basi ikakataliwa. Askofu Mkuu alieleza kuwa kanisa halipaswi kutumiwa kwa malengo ya kisiasa.

Wengi waliusifu uamuzi huo. Hata hivyo, uliacha swali ambalo halikujibiwa kwa shangwe: nyumba ya mapadre ingejengwa na nani? Jibu lililobaki ni moja tu, nalo ni waumini wenyewe, wengi wao wakiwa watu wa kipato kidogo. Swali hilo halikuanza Kayole. Limeyasumbua makanisa ya jiji na ya vijiji vilivyo magharibi mwake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Jambo lenyewe huitwa uwakili. Kwa Mkenya wa leo neno wakili humkumbusha mahakama, lakini katika Biblia ya Kiswahili wakili ni mtumishi aliyekabidhiwa mali ya bwana wake aitunze, na ambaye siku moja ataulizwa hesabu. Kwa hivyo uwakili una pande mbili. Muumini ni wakili wa alicho nacho, na kanisa ni wakili wa kile muumini alichotoa. Mahubiri mengi hushughulikia upande wa kwanza kwa bidii, yakitegemea sura ya tatu ya kitabu cha Malaki. Upande wa pili hutajwa kwa nadra.

Historia ya utoaji katika eneo hili inaanzia Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu. Wamisionari wa Scotland, waliokuwa wameanza kazi Kibwezi mwaka wa 1891, walihamia eneo la Kikuyu mwaka wa 1898. Inasimuliwa kuwa hata jina Thogoto ni namna wenyeji walivyolitamka jina la Scotland. Hospitali, shule na mishahara vilitegemea fedha kutoka ng'ambo, na wenyeji walikuja kama wanafunzi, wagonjwa na wabatizwa. Mmoja wao, aliyebatizwa mwaka wa 1914 kwa jina Johnstone, baadaye alijulikana kama Jomo Kenyatta.

Mashariki kidogo ya hapo, katika eneo ambalo sasa ni Lavington, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St Austin's mwaka wa 1899. Wao walikuwa na mbinu nyingine: walipanda kahawa, na shamba likasaidia kuilisha misheni. Njia zote mbili, ya mfadhili na ya shamba, zilikuwa na matokeo yanayofanana. Muumini wa kawaida hakuwa na sababu ya kujihisi mwenye kanisa. Hakulipa, na kwa hivyo hakuulizwa.

Ufa ulionekana mwaka wa 1929. Misheni ya Scotland iliwataka waumini na walimu wake watangaze kwamba wameacha tohara ya wanawake, na waliokataa wakajikuta nje ya kanisa na watoto wao nje ya shule. Mzozo huo ulijaa mambo mengi, likiwemo suala la ardhi, na leo ni vigumu kuutetea upande wowote kikamilifu. Linalohusu makala haya ni lililofuata. Waliotoka walijenga makanisa na shule zao bila senti kutoka Ulaya. Chuo cha walimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka wa 1939, kilijengwa kwa michango ya watu wa kawaida, huku marika yakishindana kutoa. Wenye mbuzi walitoa mbuzi; wenye nguvu walitoa siku za kazi. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952, lakini ilikuwa imekwisha kudhihirika kwamba watu waliodhaniwa kuwa maskini mno wasiweze kugharimia kanisa walikuwa wameweza.

Katika miaka hiyo hiyo ya mzozo, Thogoto kwenyewe kulikuwa kukijengwa kanisa kubwa la mawe linalojulikana kama Church of the Torch. Bado linatumika, na ni miongoni mwa majengo ya ibada yanayoheshimiwa zaidi katika Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, PCEA.

Uongozi wa PCEA uliingia mikononi mwa Waafrika hatua kwa hatua. Lakini fedha zilichelewa kufuata. Ni katika hali hiyo ambapo Kasisi John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa PCEA, alisimama mbele ya mkutano wa kanisa mjini Milwaukee, Marekani, mwaka wa 1971 na kusema jambo lililowashtua wenyeji wake. Alipendekeza wamisionari wote waondolewe Afrika kwa muda usiopungua miaka mitano, ili kila upande upate nafasi ya kufikiri upya. Hakuwa na chuki na wageni. Hoja yake ilikuwa kwamba msaada usiokoma humfanya anayesaidiwa asijue nguvu zake.

Mwaka wa 1974 wazo hilo la kusitisha wamisionari na fedha zao liliungwa mkono katika mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, uliofanyika Lusaka. Makao makuu ya baraza hilo yako Westlands, kando ya barabara ya Waiyaki, kilomita chache kutoka katikati ya Nairobi. Wamisionari hawakuondoka wote, wala fedha hazikukatika ghafla. Hata hivyo, ndani ya PCEA neno "Jitegemea" likawa wito wa kanisa zima, na kizazi kizima cha wazee wa kanisa kikalelewa nalo.

Wakatoliki nao walikuwa wakielekea huko kwa njia yao. Maaskofu wa AMECEA, shirika linalounganisha majimbo ya Afrika Mashariki, walikutana Nairobi Desemba 1973 na kuamua kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zinazojiongoza, zinazojieneza na zinazojitegemea kwa mali. Maneno hayo matatu yalikuwa na umri wa zaidi ya karne moja. Henry Venn wa shirika la kimisionari la CMS jijini London alikuwa amekwisha kuyatetea. Tofauti ni kwamba sasa yalisemwa na Waafrika kuhusu makanisa yao.

Jumuiya hizo ndizo mpaka leo uti wa mgongo wa fedha za parokia ya mashambani. Familia kadhaa za jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki, husali, husoma Neno, kisha huzungumza kuhusu mgonjwa aliyelazwa, karo ya yatima na sehemu ya mchango waliyopangiwa na parokia. Kwa Wapresbyterian kazi inayofanana hufanywa na wilaya, kila moja ikiwa na mzee wake wa kanisa anayewajua waumini wake kwa majina na kwa hali zao. Ujirani huo una faida kubwa: anayejua kwamba ng'ombe wa mama fulani amekauka maziwa hawezi kumdai kama anavyomdai mwenye duka. Pia una hasara, kwani ni vigumu kuficha umaskini mbele ya jirani anayeandika daftari.

Mapato ya parokia kama hiyo hutoka katika mikondo kadhaa. Ipo sadaka ya kila Jumapili, inayotiwa kapuni. Lipo fungu la kumi, ambalo Wakatoliki huliita zaka, linalotolewa kwa bahasha yenye jina au nambari na kuandikwa kwenye kadi. Kuna sadaka ya shukrani kwa aliyepona au aliyepata mtoto. Kuna mavuno, wakati mkulima anapoleta mazao yenyewe. Mayai, kuku, mikungu ya ndizi na magunia ya viazi hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, na si ajabu ndizi kununuliwa kwa bei maradufu ya soko, kisha mnunuzi akazirudisha zinadiwe upya. Mnada huo huenda ndio utoaji unaofurahiwa zaidi katika vijiji vya Kiambu, na ni kosa kuupuuza kama mchezo. Humwezesha asiye na noti kutoa bila kuona haya.

Kiasi cha mapato hayo hufuata kalenda ya shamba kuliko ya kanisa. Bonasi ya majani chai ikilipwa, kwa kawaida karibu na Oktoba, kapu huwa zito. Karo za Januari zikifika, huwa jepesi. Mweka hazina asiyeijua kalenda hiyo hupanga bajeti ambayo itamwaibisha.

Fedha hazibaki zote kijijini. Parokia ya Kianglikana hupeleka sehemu kwa dayosisi, sehemu ambayo wengi huiita kota, na ndiyo inayosaidia kulipa makasisi. Parokia ya Kikatoliki huwa na makusanyo maalumu, kama vile ya Jumapili ya Kimisionari kila Oktoba na ya kampeni ya Kwaresima. Waumini hulalamika kuwa fedha zao zinakwenda mjini. Malalamiko hayo yana uzito pale ambapo hesabu hazirudi. Lakini bila utaratibu wa aina hiyo, parokia ya mabanda ya Kangemi, ambako Papa Francis alizuru Novemba 27, 2015, ingeachwa peke yake huku majirani wake wa Loresho na Lavington wakishiba.

Uhusiano wa mji na kijiji una sura nyingine. Mzaliwa wa Kikuyu au Limuru anayefanya kazi Nairobi huabudu mjini, lakini babake na mamake wako kijijini. Fungu lake la kumi ni la kanisa lipi? Kanuni ya jumla ni kwamba mtu hutoa anakolishwa kiroho, ila wengi hugawa. Kwa miaka mingi kijiji kilipata sehemu yake kupitia harambee, wito ulioenezwa na Kenyatta tangu uhuru wa 1963. Kamati iliundwa jijini, kadi zikachapishwa, na mgeni wa heshima akatafutwa.

Hapo ndipo mwanasiasa alipoingilia mlango wa kanisa. Alitoa kikubwa kuliko wote, akapewa kipaza sauti, na michango ya wanyonge ikaonekana haina maana. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ilijaribu kuzuia maafisa kutumia vyeo vyao kuchangisha fedha. Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwakataza wanasiasa kuhutubu wakati wa ibada. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto mwenyewe alitangaza marufuku ya maafisa wa serikali kushiriki harambee. Tukio la Kayole lilitokea miezi minne baadaye.

Teknolojia imefanya kazi ambayo makatazo hayakuweza. Safaricom, yenye makao yake Westlands, ilianzisha M-Pesa Machi 2007, na taratibu nambari ya Paybill ikaanza kuonekana kwenye matangazo ya kanisa. Makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, na hata yaliporuhusiwa Julai kupokea watu wasiozidi 100 kwa ibada ya saa moja, simu ndiyo iliyobaki kuwa kapu la sadaka. Aliyeko mjini sasa huitumia parokia ya wazazi wake kidogo kidogo kila mwezi, bila kadi wala mgeni wa heshima. Zaidi ya hayo, kila shilingi huacha alama. Ila akaunti lazima iwe ya kanisa; nambari ya simu ya mtu binafsi, hata iwe ya kasisi, haifai kupokea sadaka.

Upande wa pili wa uwakili, ule wa kutoa hesabu, una kanuni zilizo wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka wa 1983 zinaagiza kila parokia iwe na baraza la fedha (kanuni ya 537). Sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu haiwezi kutumiwa kwa jambo lingine, na sadaka haikataliwi ila kwa sababu ya haki (kanuni ya 1267). Waumini wana haki ya kuelezwa mali waliyotoa imetumikaje (kanuni ya 1287). Tena, mhudumu hapaswi kudai zaidi ya kiwango kilichowekwa na mamlaka kwa ajili ya sakramenti, na maskini asinyimwe kwa kuwa hana (kanuni ya 848). Padre au katekista anayemzuilia mtoto ubatizo kwa sababu kadi ya zaka ya wazazi ina mapengo anapaswa kuisoma kanuni hiyo ya mwisho kabla ya kuifungua kadi.

Katika madhehebu yote, taratibu za kawaida za kulinda sadaka ni nyepesi. Kapu huhesabiwa siku ile ile na watu wasiopungua wawili wasio wa familia moja, mbele ya shahidi. Jumla huandikwa kwa wino na kutiwa saini. Fedha hupelekwa benki bila kukatwa gharama njiani, na malipo hufanywa kwa hundi au njia nyingine yenye saini zaidi ya moja. Jumapili inayofuata jumla hutangazwa, na mwisho wa mwaka wakaguzi ambao si wanakamati husoma vitabu.

Linalozua ubishi ni kutangaza majina. Baadhi ya makanisa husoma orodha ya watoaji na viwango vyao, yakiamini kwamba uwazi huamsha bidii. Mengine husoma jumla pekee, yakiikumbuka sura ya sita ya Injili ya Mathayo kuhusu sadaka ya siri. Njia ya katikati inayotumiwa na parokia kadhaa ni kumpa kila mtoaji stakabadhi yake binafsi na kubandika ukutani hesabu za parokia nzima, za mapato na za matumizi, zisizo na jina la mtu.