Ukarabati wa Nyumba za Mawe za Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini nyumba zake, nyingi za karne ya 18, si makumbusho, zina wenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba umeamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Fundi hana budi kutengeneza msana mmoja huku jamaa wamehamia wa pili. Hapo ndipo saruji hushawishi, kwani hukauka upesi. Kumbe huzuia unyevu kutoka, na chumvi huula ukuta kwa ndani. Chokaa hutaka siku nyingi, na wenyeji wavumilie vumbi. Aidha, zidaka zikizibwa kwa saruji, hata jina lake hukosa mahali pa kutajwa.