Holotaipu: mfano au shahidi?

Mwanafunzi mmoja wa elimu ya mimea alinitembelea nyumbani, hapa Goma mtaa wa Himbi, akiwa na kurasa nne alizozifasiri kutoka Kifaransa. Zilieleza namna spishi mpya ya mmea wa maua inavyotangazwa kwa ulimwengu. Kiswahili chake kilitiririka vizuri mpaka pale alipoandika kwamba spishi mpya haikubaliki bila "mfano kamili" uliohifadhiwa. Nikamwuliza neno hilo kalitoa wapi.

"Papa, nimelivunja neno lenyewe. Holo ni zima, tipo ni mfano."

Alilifuata neno kwa uaminifu, na hapo ndipo lilipompoteza.

Kitu chenyewe ni karatasi ngumu yenye mmea uliobanwa na kukaushwa. Mkusanyaji huukata porini ukiwa na majani, maua, na tunda likipatikana, akaulaza kati ya kurasa za gazeti, akaukaza kwa mbao mbili na mikanda. Kila siku hubadilisha magazeti yaliyolowa, na katika misitu ya ukungu ya Virunga kazi hiyo haina mapumziko. Ukikauka, hushonwa au kubandikwa kwenye karatasi, na pembeni huwekwa lebo: jina la mkusanyaji, namba, tarehe, mahali, mwinuko. Rangi ya ua lazima iandikwe papo hapo, maana zambarau ya leo itageuka kahawia. Lebo za zamani za milima yetu hazina majina ya wapagazi waliobeba mbao hizo mgongoni hadi juu, na kila nionapo picha za lebo hizo jambo hilo huniuma.

Karatasi moja kati ya hizo, iliyochaguliwa na mwandishi anayelitangaza jina jipya, ndiyo holotaipu. Kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea haina mzaha nayo. Tangu tarehe 1 Januari 1958, jina la spishi mpya halihesabiwi kuwa limechapishwa kihalali kama sampuli yake haikutajwa. Tangu 1 Januari 1990, mwandishi lazima aandike neno lenyewe, typus au holotypus, au kisawe chake katika lugha ya kisasa, na aseme inatunzwa katika hebaria ipi, yaani hazina ya mimea mikavu. Hadi mwisho wa 2011 maelezo ya spishi mpya yalipaswa kuwa ya Kilatini. Sasa Kiingereza nacho kinapokelewa. Kifaransa hakimo, wala Kiswahili. Kazi iliyobaki kwa lugha yetu ni kueleza, na ndiyo sababu nataka ieleze sawasawa.

Ubaya wa "mfano" ni huu. Ukimwambia mtu "huu ndio mfano wa mmea huu", ataelewa kwamba mimea mingine yote ya spishi hiyo inafanana nao, na usiofanana si wake. Holotaipu haidai hivyo hata kidogo. Inaweza kuwa mche uliodumaa, wenye majani yaliyoliwa na wadudu, uliookotwa kando ya njia kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Haitwambii spishi inaanzia wapi na kuishia wapi. Kazi yake ni kusema jambo moja tu: jina hili lilipotolewa, lilitolewa kwa mmea huu.

Tuone inavyofanya kazi karibu na kwetu. Katika misitu yenye unyevu ya Bonde la Ufa la Albertine, ambako milima yetu imo, huota mimea ya jenasi Impatiens: shina lililojaa maji, ua lenye mkia uliopinda nyuma, tunda ambalo likiiva hupasuka kwa kuguswa na kurusha mbegu. Mwaka 2021 Eberhard Fischer na wenzake walichapisha uchunguzi wa kundi linalozunguka jina Impatiens purpureoviolacea. Walihitimisha kwamba kundi hilo lina spishi kadhaa. Sasa kati ya ndugu hao, nani abaki na jina la zamani? Halipewi mmea mzuri zaidi, wala ulioenea zaidi. Linabaki na spishi ile ambayo ndani yake imo sampuli iliyopewa jina hilo. Ugomvi ukizuka, karatasi inaitwa, inasimama, inasema.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu kwa kijana, neno likaja lenyewe: shahidi. Shahidi si mfano wa watu wa kijiji chake. Anaitwa kwa sababu alikuwapo.

Neno zuri la istilahi huzaa, na hili linazaa. Holotaipu ni shahidi mkuu. Nakala zilizokatwa kutoka mkusanyo uleule siku ileile na kupelekwa hazina nyingine ni mashahidi pacha. Shahidi mkuu akipotea, anachaguliwa mmoja kati ya waliosalia: huyo ni shahidi mteule. Na kama hakuna hata mmoja aliyesalia, huteuliwa mmea mwingine kabisa kuwa shahidi mpya.

Hayo si mambo ya kufikirika kwetu. Johannes Mildbraed, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa 1907 na 1908, alikusanya mimea kwenye volkano za Virunga na kuipeleka Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliichoma hebaria ya Berlin, na sehemu kubwa ya sampuli zake, zilizokadiriwa kufika milioni nne, ikawa majivu. Mashahidi wakuu wa mimea mingi ya Afrika waliungua usiku huo. Majina yaliyookoka yaliokolewa na mapacha waliokuwa wametawanywa mapema katika hazina nyingine. Sisi wa Goma, tuliokwisha kuona nyumba zikimezwa na lava mwaka 2002, hatuhitaji kuelezwa kwa nini nakala huwekwa mbali na nyumbani. Lakini iliyo mbali iwe pacha. Shahidi mkuu wa mmea wa Kivu napenda akae katika hebaria ya Lwiro au ya Yangambi, hapa Kongo, ambako mtafiti kijana anaweza kumfikia bila kuomba viza. Siku hizi Bustani ya Mimea ya Meise, Ubelgiji, imeweka mtandaoni picha za sampuli zaidi ya milioni moja, nyingi za Afrika, na hilo limetusaidia sana. Ila picha haigeuzwi kuangalia nywele za upande wa chini wa jani.

Najua wengi wataendelea kuandika holotaipu, na kwenye makala ya sayansi sina ugomvi nalo. Ila hapa kwetu, tuliosoma kwa Kifaransa, linatamkwa holotipi. Arusha na Nairobi litakuwa holotaipu. Shahidi ni mmoja pande zote. Niliwahi kulifikiria pia neno chapa, kwa kuwa tipos ya Kigiriki ni alama iachwayo na pigo, na chapa yetu nayo inakaribiana na kuchapa. Lakini sokoni leo chapa ni ya sabuni na ya unga.

Kijana alifuta "mfano kamili", akaandika "shahidi mkuu", akasita. Alikumbuka kwamba maua ya Impatiens ni laini mno. Yakibanwa hushikana, umbo likapotea, kwa hiyo wakusanyaji hutia mengine kwenye chupa ya spiriti.

"Na lile la kwenye chupa, Papa? Ni shahidi wa pili?"

"Kama ni la sampuli ileile na lebo imesema hivyo, ni yuleyule mmoja. Sehemu iko kwenye karatasi, sehemu iko kwenye chupa."

Akaliandika hilo pia, kwa kalamu nyekundu, pembeni mwa ukurasa wa tatu.