Kinga na mkosi (Wanyakyusa)

Imani za Wanyakyusa wa Rungwe, wilaya yenye makao yake Tukuyu, kuhusu namna ya kujilinda na uchawi na mikosi. Waliozichunguza kwa kina ni wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huko miaka ya 1930.

Mchawi alisadikiwa kuwa na chatu tumboni. Kilichomsukuma ni uroho wa nyama na maziwa, ndiyo maana mtu aliyechinja bila kualika majirani alijitakia balaa. Walinzi wa kijiji, abamanga, waliwaona wachawi ndotoni na kupigana nao usiku. Ajabu ni kwamba nguvu yao nayo ilitoka kwa chatu. Hao hao waliweza kumwadhibu mwovu kwa pumzi yao baridi, yaani manung'uniko ya majirani yaliyomletea homa.

Mapacha waliogopwa mno. Wazazi wao walitengwa, na ndugu pamoja na ng'ombe wakapewa dawa.

Desturi nyingine ilihusu moto: machifu wapya walipotawazwa, mioto ya zamani ilizimwa, ukapekechwa moto mpya.

Wamisionari walioingia mwaka 1891 walizipinga imani hizi, lakini hazikufutika. Sheria ya Uchawi ya 1928 ingali inatumika Tanzania Bara.