Trakteri ya zamani inakohoa kwa ralanti: nini cha kuangalia mbele ya kufungua pompi

Ralanti ni mwendo wa moteri wakati trakteri imesimama na akselerateri imerudishwa chini yote. Kwa moteri ya Perkins ya silindri tatu iliyo ndani ya Massey Ferguson 135, mwendo huo ni karibu mizunguko 750 kwa dakika. Moteri ya silindri tatu haitulii kabisa, hata ikiwa mpya: kapo inatikisika kidogo, na huo si ugonjwa. Ugonjwa njo pale sauti inaruka pigo, ao mwendo unapanda na kushuka peke yake, ao moteri inazimika kila mara dereva anaposhuka kufungua njia ya maji.

Massey 135 ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka wa 1964, na ikaachwa katika miaka ya 1970. Ile ambayo ingali inalima leo ina karibu nusu karne ao zaidi. Kwa bonde la Ruzizi na kwingineko, trakteri moja ya namna hiyo inangojewa na mashamba mengi kwa wakati mmoja. Ikilala garaji mwezi wa Septemba, wakati msimu A unaanza, kuna familia zitakazolima kwa jembe sehemu ndogo tu, na zingine zitapanda kwa kuchelewa.

Neno la kwanza linalosikika siku hiyo ni kwamba pompi ya enjeksio imekufa. Mara nyingi si kweli. Pompi hiyo ni kati ya vipande vya bei kali zaidi kwa moteri nzima, na ikifunguliwa chini ya muti na mtu asiye na mashini ya kuipimia, hairudi tena kwa kipimo chake. Kwa hiyo inafaa kuanza na vitu vya bei rahisi: mazutu yenyewe, kisha hewa, kisha silindri moja moja. Pompi inakuja mwisho.

Mazutu na maji

Mazutu nyingi ya huku inapita ndani ya bidoni na fiti, kwa depo ndogo ao kwa wakadafi wa barabarani. Maji ni mazito kuliko mazutu, basi yanakaa chini: chini ya fiti, chini ya tanki, chini ya filtri. Mtu afungue kavise kalicho chini ya filtri na kukinga kwa chupa inayoonekana ndani. Aache dakika kumi. Maji yatajitenga chini, na uchafu vilevile. Yakionekana, tanki yote imwagwe na kusafishwa, filtri ibadilishwe. Kubadilisha filtri peke yake ni kujidanganya, juu ya kesho ile mpya itajaa maji yaleyale.

Fiti iliyotoka safari iachwe itulie siku moja nzima mbele ya kuchota, na tiyo ya kuchotea isiguse chini. Kujaza tanki jioni kunasaidia pia: nafasi ya hewa ndani ya tanki ikiwa ndogo, umande wa usiku unapungua.

Kuna wenye kuongeza petroli ya taa ao esansi ndani ya mazutu, wengine kwa biashara, wengine wakiwaza kwamba wanasafisha moteri. Pompi ya enjeksio haina mafuta mengine ya kuitelezesha isipokuwa mazutu yenyewe. Mazutu iliyokaushwa namna hiyo njo inayoiua kweli.

Hewa inaingia bila kuacha alama

Hii njo sababu inayowachosha watu zaidi, kwani haionekani. Kati ya tanki na pompi ndogo ya kuvuta, mazutu inavutwa. Tiyo ikiwa na ufa mdogo ao ekru ikiwa imelegea, wakati moteri inazunguka inaweza kunyonya hewa bila tone moja kuanguka inje. Ralanti inapanda na kushuka kama mtu anayepumua, na asubuhi moteri inakataa kuwaka.

Fundi mwenye akili anafunga kipande cha tiyo inayoonekana ndani kati ya filtri na pompi ya enjeksio, kwa muda tu. Mapovu yakipita, hewa iko. Basi anarudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka kwenye tanki. Kifuniko cha tanki nacho kiangaliwe: katundu kake ka kupitisha hewa kakizibwa na tope, moteri inakosa mazutu kidogo kidogo, na mtu akifungua kifuniko anasikia hewa ikiingia kwa nguvu.

Kutoa hewa kunafuata njia ya mazutu: vise ya juu ya filtri kwanza, kisha vise za pompi ya enjeksio, kisha ekru za tiyo kwenye enjekteri wakati demareri inazungusha. Wengi wanapampu kwa mkono ile lama ya pompi ndogo, wanaona ni nyepesi, haivuti kitu, na wanasema imeharibika. Pengine moteri imesimama pale ambapo kamu yake inaisukuma tayari. Izungushwe mzunguko mmoja, lama itarudia nguvu.

Kama kiwango cha mafuta ya moteri kinapanda peke yake na yananuka mazutu, mpira wa pompi ndogo unaweza kuwa umepasuka. Hapo moteri isiwashwe tena mbele ya kuutengeneza na kubadilisha mafuta.

Ni silindri gani haifanye kazi?

Mazutu ikiwa safi, hewa hakuna, na pigo bado linaruka, inapashwa kutafuta silindri inayolala. Moteri ikiwa kwa ralanti, fundi analegeza nusu mzunguko ekru ya tiyo ya silindri ya kwanza kwenye enjekteri, anasikiliza, anaikaza, anaenda kwa inayofuata. Silindri inayofanya kazi, ikikatiwa mazutu, moteri inalegea papo hapo. Ile ambayo ikikatwa hakuna kinachobadilika njo mgonjwa.

Ekru ifunikwe kwa kitambaa kinene, na mkono ukae mbali. Enjekteri za moteri hii zinafunguka kwa presha inayopita bar 150, na gurudumu la gari ndogo lina kama bar 2. Mazutu inayoruka kwa presha hiyo inapenya ngozi. Kidonda kinafanana na tundu la sindano, hakiumi sana saa za kwanza, lakini ndani nyama inaharibika na mtu anaweza kukatwa kidole ao mkono. Ni kwenda hospitali palepale na kumwambia daktari kwamba ni mazutu ya presha.

Kiisha, moteri ikiwa imezimwa, enjekteri ya silindri inayolala inabadilishana nafasi na ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja nayo, ni enjekteri. Ukibaki palepale, ni supapu, kompresio ao tiyo. Kila mara rondeli ya shaba mpya inahitajika, na ile ya zamani inapashwa kutolewa ndani ya shimo. Rondeli mbili zikikaa moja juu ya ingine, enjekteri inakaa juu kuliko fasi yake, na tatizo jipya linaongezeka juu ya lile la kwanza.

Supapu zinapimwa kwa kajisu ka vipimo, moteri ikiwa baridi: milimita 0,30 kwa Perkins hii. Ni kazi ya asubuhi moja, na wenye trakteri wengi hawajaifanya hata mara moja.

Moshi nao unasema kitu. Mweusi ni hewa kidogo ao mazutu nyingi. Filtri ya hewa isafishwe, hasa kiangazi. Kwenye nchi za juu kama Lubero hewa ni nyembamba, na weusi kidogo haushangazi. Wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Mweupe usioisha hata moteri ikipata moto ni mazutu isiyoungua, ao, kama maji ya radiatere yanapungua, joenti ya kichwa cha moteri.

Mashini za kusaga unga zenye silindri moja zinafuata njia ileile kwa mazutu, hewa na supapu. Jaribio la kulegeza ekru peke yake halina maana kwao, kwani moteri itazimika tu.

Yote hayo yakikwisha na ralanti bado ni mbaya, pompi ifunguliwe kwenye trakteri na kupelekwa nzima, matundu yake yakiwa yamezibwa kwa plastiki safi, kwa garaji yenye mashini ya kupimia. Vise zenye waya na muhuri wa risasi zisiguswe njiani.